UZI: Kushuka kwa kamba genge la mita 40 au zaidi – kwa nini breki inalegea ukikaribia chini

Genge_la_Kilimatinde

Wakuu, mbukwenyi.

Anayejifunzia kushuka kwa kamba kwenye majabali ya hapa mjini Dodoma, ya mita 12 au 15, anapata msingi mzuri wa mafundo, kofia na kukaa kwenye hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani). Ila akienda magenge ya bonde la ufa upande wa Manyoni, au makorongo ya Mpwapwa na Kibakwe, akakuta mshuko mmoja wa mita 60, kamba inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Nataka tuliweke wazi jambo moja ambalo watu wanalifahamu nusunusu: uzito wa kamba inayoning'inia chini yako.

Tufanye hesabu. Kamba ngumu ya milimita 10, ile isiyovutika sana, ina uzito wa gramu kama 65 kwa mita. Ukiitupa mikono miwili (yaani kamba imekunjwa, pande zote mbili zinaning'inia) mpaka chini mita 60, chini yako zinaning'inia kilo 7.8. Uzito huo unavuta kamba kwenye kifaa cha kushukia (kile kinachobana kamba na kukupa breki) kama vile kuna mtu chini amekushikia breki. Sasa chukua kifaa ambacho kilo 1 ya mkono inazuia kilo 10 za mwili. Mtu wa kilo 70 anahitaji kilo 7 za kuvuta ili asimame. Pale juu kamba peke yake inampa 7.8, kwa hiyo hashuki. Anabaki kuinua kamba kwa mkono na kuilisha kwenye kifaa, sentimita 20 kwa 20, mita 6 za mwanzo. Akifika katikati, kamba iliyobaki inampa kilo 3.9 na mkono wake unabeba 3.1. Zikibaki mita 5, kamba inampa gramu 650 tu, na mkono uliokwisha kuchoka kwa kuinua kamba unabeba zaidi ya kilo 6.

Ndiyo maana mtu analalamika juu kwamba kifaa kinabana mno, anapunguza msuguano, halafu mita 20 za mwisho anakwenda kasi asiyoitaka. Kosa limefanyika juu, ajali inatokea chini.

Binti_Singidani

Asante kaka kwa hesabu. Niongeze upande wa watu wepesi, maana vikundi vingi vinampanga mwepesi atangulie bila kufikiria. Kwa kifaa hichohicho, mwenye kilo 50 anahitaji kilo 5 tu. Kamba ya mikono miwili inampa zaidi ya hapo mpaka zibaki mita 38. Maana yake atainua kamba kwa nguvu mita 22 nzima kabla haijaanza kuteleza yenyewe. Hapo begani na kwenye kiganja hakuna kitu tena. Mwenye kilo 95 naye anaanza vizuri, mkono wake unabeba kilo 1.7 tu juu, lakini chini anabeba 9.5. Hiyo ni ndoo ya lita 10 iliyokaribia kujaa, na anaishika kwa kamba inayotembea ndani ya glavu.

Kwa hiyo msimpangie kila mtu mpangilio mmoja. Kifaa kile kile, kamba ile ile, watu wawili tofauti: mmoja apite mkono mmoja wa kamba, mwingine apite miwili.

Fundi_Minara_Dom

Mkuu wa uzi, swali. Kwa nini tusianze na msuguano mdogo juu tukauongeza njiani? Kwenye reki ya baa (kifaa chenye baa za mlalo ambamo kamba inapita) ndivyo inavyofanyika: unaanza na baa 4 zilizoachana, ukishuka unaingiza ya tano, kisha ya sita. Chini ya 4 hatuendi kamwe.

Genge_la_Kilimatinde

Ndiyo, na kwa mshuko mrefu mkavu reki ni kifaa kizuri kuliko vyote kwa sababu hiyohiyo. Tatizo ni kwamba wengi wanashuka na nane, kifaa chenye umbo la tarakimu 8. Kwenye nane, unachoweza kuongeza njiani lazima uwe umekiandaa kabla ya kuvuka ukingo.

Njia ninayoipenda: weka karabina (pete ya chuma inayofunguka) ya ziada kwenye kitanzi cha paja, upande wa mkono wa breki, na nyingine kiunoni kando ya kifaa. Juu unaziacha tupu. Ukiona mkono unaanza kuzidiwa, simama, ingiza kamba ya chini kwenye karabina ya paja. Hiyo peke yake inabadilisha pembe na inapunguza kazi. Bado haitoshi? Irudishe juu uipitishe kwenye karabina ya kiunoni, ndipo ishuke mkononi. Kamba sasa imechora herufi Z mbele ya nyonga yako, na mtu mzito anashuka kwa vidole.

Fanya hivyo ikiwa imebaki theluthi moja, kabla mkono haujaomba msaada. Ukisubiri mpaka kiganja kinatetemeka, huna tena mkono wa kufungulia karabina.

Na kila mtu ajue kusimama na kuachia mikono yote miwili kabla hajapelekwa genge refu. Ya haraka ni kuzungusha kamba ya chini kwenye paja mara 3. Ya uhakika ni kufunga kifaa chenyewe: kamba inapandishwa, inabanwa kati ya kifaa na kamba iliyokaza, kisha inafungwa fundo la kitanzi na kukazwa kwa fundo jingine juu yake. Ijaribiwe ukiwa nusu mita kutoka ardhini, mpaka uifanye bila kutazama.

Mrangi_wa_Kolo

Kuna kitu cha nane hakijasemwa. Nane ya kawaida isiyo na masikio (vichomozi vya pembeni) ina tabia mbaya ukingoni. Unapopita ukingo wa jabali kifaa kikagusa mwamba, ule mzunguko wa kamba ulioko nyuma ya shingo unasukumwa juu, unaruka kichwa cha nane na kujikaza kama kitanzi cha kufungia mbuzi. Unabaki umening'inia, hushuki wala hupandi. Kuutoa lazima uondoe uzito wako kwenye kifaa, kwa hiyo ni lazima uwe na kitanzi cha kukaba (kamba nyembamba inayozungushwa kwenye kamba kuu na kuikamata) cha kuweka juu ya kifaa, na kombeo (kitanzi cha utepe imara) la kukanyagia. Nane yenye masikio inazuia hilo.

Pili, nane inasokota kamba. Mita 15 huoni. Mita 60 za mikono miwili zinafika chini zimejiviringa, na siku ya kuvuta kamba hazivutiki.

Kamba_Kavu

Wadau, vipi kushuka na kamba ndani ya begi lililofungwa kwenye hanesi, inatoka kidogokidogo? Huku kwetu miiba ni mingi, kamba ikitupwa inanasa kwenye migunga iliyoota kwenye nyufa, na upepo wa mchana wa kiangazi unaipeleka pembeni.

Binti_Singidani

Begi ni zuri, na kwenye miiba nalipendekeza. Ila elewa linabadilisha hesabu yote ya post ya kwanza. Kamba ikiwa begini hakuna uzito unaoning'inia chini, kwa hiyo hakuna breki ya bure. Mkono unabeba kile kile kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, na juu ya hapo mwili umeongezewa kilo 4 au 8 za begi. Anayezoea kamba ya kutupwa akichukua begi bila kuongeza msuguano, anaanguka kasi palepale ukingoni. Weka ile Z tangu mwanzo.

Na ncha ya kamba begini iwe na fundo la kuzuia, kila ncha peke yake. Kamba ikiwa begini huoni kama inafika chini.

Fundi_Minara_Dom

Niseme kuhusu joto, maana huku kwetu hakuna maji ya kupoza kifaa kama kwenye makorongo yenye maporomoko.

Mtu wa kilo 70 akishuka mita 60, nishati ya kilojuli kama 41 inageuka joto kwenye kifaa na kamba. Nane ya alumini yenye gramu 120, hata nusu tu ya joto hilo ikibaki kwenye chuma, inapanda nyuzi 190 juu ya joto la hewa. Nailoni aina ya 6, ile ya kamba, inayeyuka kwenye nyuzi 220 hivi. Kombeo jembamba jeupe la Dyneema linayeyuka mapema zaidi, nyuzi 145 hivi. Kinachotuokoa ni muda: hewa na kamba yenyewe vinabeba joto, mradi uende polepole. Nusu mita kwa sekunde ni wati kama 340. Mita moja na nusu kwa sekunde ni wati 1,000, yaani pasi ya umeme iliyowashwa na umeibana kwenye kamba yako. Mita 60 kwa nusu mita kwa sekunde ni dakika 2. Hakuna sababu ya kuzifanya sekunde 40.

Hatari zaidi ni kushuka kasi halafu kusimama ghafla. Kamba inapotembea, kila sentimita inagusa chuma kidogo tu. Ukisimama, sentimita zilezile zinakaa kwenye chuma cha moto na ganda la kamba linaungua mpaka linang'aa kama plastiki. Ukikuta sehemu ya kamba imekuwa ngumu na inang'aa, ikunje kwa vidole. Kama haikunjiki laini, hiyo sehemu ikatwe.

Ukifika chini toa kamba kwenye kifaa mara moja, ukiwa na glavu. Usikiache kimekaa kwenye kamba huku unatafuta maji ya kunywa.

Mlinzi_wa_Chini

Tusisahau kamba ya kukaba, ile ya kukusimamisha mkono ukiachia. Makosa ninayoyaona yakirudiwa ni mawili.

La kwanza ni urefu. Kamba ya milimita 6, urefu wa mita 1.2 kabla ya kufungwa kuwa kitanzi, mizunguko 4 kwenye kamba mbili za milimita 10, ncha zote mbili kwenye karabina. Ikifungwa kwenye kitanzi cha paja na kifaa kikiwa karibu na kiuno, ukiinama au ukipinduka fundo linafika kwenye kifaa, kifaa kinalisukuma, linaachia. Yaani linaachia wakati ule ule unaolihitaji. Dawa ni kukisogeza kifaa mbali kwa kombeo, sentimita 30 au 40 kutoka hanesi, na fundo likae kiunoni. Kabla hujafungua mkia wa usalama (kamba fupi inayokushikilia pale juu), kaa kwenye kamba, achia mkono, uone limekamata.

La pili ni la kiganja. Mtu akiogopa anakaza. Akikaza akiwa ameshika fundo lenyewe, analizuia lisikamate na anashuka nalo. Mkono wa breki ukae chini ya fundo, kidole gumba na cha shahada vya mkono mwingine vikae juu yake na ndivyo vinalisukuma taratibu kushuka.

Halafu kuna mshika kamba wa chini. Asimame mita 3 au 4 nje ya mstari wa mawe yanayodondoka, kofia kichwani, macho juu, ameshika kamba ZOTE mbili bila ulegevu. Kwenye mita 15 ukivuta tu mtu anasimama. Kwenye mita 60 kamba inanyumbuka kwanza, kwa hiyo unavuta huku unarudi nyuma hatua kadhaa kabla nguvu haijamfikia. Akipotelea nyuma ya tumbo la jabali usimsubiri apige kelele. Kasi ya kamba mkononi mwako ndiyo itakayokuambia.

Mrangi_wa_Kolo

Na nyuki je? Kondoa, Singida, Manyoni, nyufa za majabali zimejaa makundi ya nyuki, na hili ndilo linalotofautisha magenge yetu na mengi ya kwenye video. Dakika 15 kwa darubini asubuhi jua likishagonga mwamba: tafuta mstari wa nyuki wanaoingia na kutoka, na doa jeusi linalong'aa la nta kwenye ufa. Ukiona, badilisha mstari wa kushuka, siyo mita 3 pembeni, nenda genge jingine. Manukato nayo yabaki nyumbani.

Ila nataka tujadili hili: mtu akivamiwa akiwa katikati, anapiga mikono yote miwili usoni. Bila kamba ya kukaba ataanguka. Akiwa nayo, itamsimamisha palepale kwenye mzinga. Na mshika kamba wa chini atakuwa amekimbia.

Genge_la_Kilimatinde

Umegusa penyewe. Jibu liko juu, kwenye nanga, pale kamba inapofungwa. Kamba isifungwe moja kwa moja, ifungwe kwa namna ya kulegezeka chini ya uzito.

Kama una kamba ya mita 130 na mshuko wa mita 60, teremsha mkono mmoja tu, mita 60 na ziada kidogo. Mkono wa pili ubaki begini pale juu. Kwenye nanga weka nane ya pili, kamba ipite ndani yake na ifungwe kama tulivyosema. Mtu akikwama, akivamiwa, au nguo ikiingia kwenye kifaa, aliyeko juu anafungua fundo na kumshusha mzimamzima mpaka chini, na kamba ya kukaba ikiwa imekamata vilevile. Hakuna kisu karibu na kamba iliyokaza, hakuna anayemfuata hewani. Aliyezirai kwenye hanesi haachwi aning'inie hata dakika chache. Ashushwe na alazwe chali. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ila ipigeni huku mnamshusha, msisubiri.

Hii inajibu pia swali la uzito. Mkono mmoja wa kamba ni kilo 3.9, siyo 7.8, kwa hiyo tofauti ya juu na chini inapungua nusu. Ila msuguano wa kamba moja ni mdogo, hivyo Z au masikio ya kifaa yanatumika mapema.

Wa mwisho ndiye anayebadilisha mpangilio ili kamba ivutike. Akitumia kizuizi cha karabina kinachogota kwenye pete ya nanga, ahakikishe anashuka upande unaogota. Ule wa pili ni wa kuvutia tu, ukining'inia pale kamba inapita peteni na unakwenda nayo. Mwenzake amkague, avute kila upande kwa mikono, kabla mkia wa usalama haujafunguliwa.

Binti_Singidani

Nanga yenyewe: granaiti yetu inabanduka maganda kama kitunguu. Gonga kwa jiwe. Ikilia kama mtungi mtupu, hilo ni ganda, usizungushie kombeo wala kutoboa bolti. Nanga ya pointi mbili iwe na pembe ndogo: nyuzi 60, kila upande unabeba asilimia 58 ya mzigo, nyuzi 120, kila upande unabeba mzigo wote. Mti uwe hai, mnene kuliko paja, na mizizi iwe kwenye udongo badala ya ufa. Na karibu na michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, hakuna bolti wala kamba, hata kama genge ni zuri namna gani.

Ukingoni kamba inakaa juu ya chembe za quartz zinazosugua kama msumeno, na kila mshukaji anaisogeza juu na chini kwa mnyumbuko. Weka kipande cha mpira wa zimamoto au turubai zito, sentimita 70, kifungwe kwenye nanga kisidondoke. Kila mtu akishuka, legeza kamba sentimita 15 ili sehemu nyingine ndiyo iguse ukingo. Nanga ya kulegezeka inakuruhusu kufanya hivyo, iliyofungwa moja kwa moja hairuhusu.

Kamba_Kavu

Ishara? Mita 60 na upepo, sauti haifiki.

Mlinzi_wa_Chini

Filimbi. 1 simama, 2 panda au vuta, 3 shusha, 4 nimetoka kwenye kamba, mfululizo ni hatari. Muwe mmekubaliana wote kabla ya wa kwanza kuvuka ukingo.

Na msimu: Desemba mpaka Aprili makorongo hayashukwi. Korongo la mchanga mkavu linaweza kujazwa na mvua iliyonyesha Kiboriani huku juu yako jua linawaka, na mtu aliye katikati ya mshuko hana pa kukimbilia.

Kamba_Kavu

Nimeelewa. La mwisho: ziada ya kamba chini iwe kiasi gani? Wengine wanasema nusu mita inatosha, isije ikanasa.

Mlinzi_wa_Chini

Nusu mita haitoshi hata kidogo. Kamba ngumu nayo inavutika. Kwenye mita 60 ya mkono mmoja, mtu wa kilo 80 anaweza kuirefusha mita 2. Akisimama ardhini na kutoa uzito, kamba inarudi juu kiasi hichohicho. Ncha ikiwa na nusu mita tu, inachomoka kwenye kifaa na kupanda juu ya kichwa, na wa pili anashukia kamba isiyofika chini.

Acha mita 4 zilizolala ardhini, fundo la kuzuia kwenye ncha. Anayefika achuchumae kwanza, avute kamba ipite kwenye kifaa mpaka alegee kabisa, ndipo asimame na kuitoa. Ncha asiiachie, amkabidhi mshika kamba mkononi. Filimbi 4 zipigwe baada ya hapo.